Tundu la Iafoni na Masikio ya Mtoto Wako

Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo sana: lile tundu la duara lililo ubavuni mwa simu na nyuma ya redio, lenye upana wa milimita 3.5. Humo huingia pini ya iafoni. Humo pia huingia pini ya waya wa kuunganisha simu na woofa, ule ambao vijana wetu huuita oksi. Huenda ukasema hayo ni mambo ya fundi, na kwamba wewe ulitaka kusikia habari za kikohozi na chanjo. Subiri kidogo.

Chukua jioni moja katika ploti ya Kayole, au Umoja, au kwenye zile nyumba za zamani za Jericho. Mama anasonga ugali. Kijana wake wa Gredi ya 7 ameketi kwenye kochi, waya umening'inia kutoka masikioni. Mama anaita. Anaita tena. Mara ya tatu anaita jina la ubatizo na jina la baba, hadi majirani wa ghorofa ya juu wanasikia, na kijana bado anatikisa kichwa kwa mdundo. Wengi wetu hapo tunaona utovu wa adabu, na mwiko unainuliwa. Mara nyingi huo si utovu wa adabu. Ni sauti iliyo juu mno, au ni sikio ambalo limeanza kuchoka. La kusikitisha ni kwamba katika chumba hichohicho, juu ya kabati, pamekaa woofa au redio ambayo ingemwezesha kijana huyo kusikiliza masomo au muziki bila kuziba masikio. Kinachokosekana ni waya mmoja ambao bei yake ni kama ya pakiti ya unga, au hata chini, na mtu wa kumwonyesha unaingizwa wapi.

Sikio huumia vipi?

Ndani kabisa ya sikio mna kifuko kilichojiviringa kama konokono. Kimejaa majimaji, na mna seli zenye vinywele, kama 15,000 hivi katika kila sikio. Sauti ikiingia, majimaji hutikisika, vinywele huinama kama nyasi zinapopitiwa na upepo, na habari hupelekwa kwenye ubongo. Sauti ikiwa kubwa mno, au ikiwa kubwa kiasi lakini kwa saa nyingi, vinywele huchoka na kulala. Vikipumzishwa, vingi huamka. Ndiyo maana ukitoka kwenye harusi yenye spika kubwa unasikia mlio wa "ngiii" masikioni, na kesho yake umekwisha. Lakini vikilazwa kila siku, hatimaye hufa, na vikifa haviоti tena. Hakuna matone ya dukani wala dawa ya kienyeji inayovirudisha.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, yalitoa viwango vya kusikiliza kwa usalama. Mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki. Kwa mtoto kiwango ni desibeli 75 kwa saa hizohizo 40. Ili upate picha, mazungumzo ya kawaida ya watu wawili mezani ni kama desibeli 60. Sasa sikiliza vizuri: kila desibeli 3 zikiongezwa, muda hukatwa nusu. Kwa desibeli 78 mtoto amebakiwa na saa 20 kwa wiki. Kwa 81 ni saa 10. Kwa 84 ni saa 5. Simu nyingi zikifunguliwa hadi mwisho huweza kufika desibeli 100 ndani ya sikio, na nyingine hupita hapo. Endelea na hesabu hiyo hadi desibeli 99 utaona mtoto hana hata dakika 10 kwa wiki nzima. Wangapi wetu tuna vijana wanaosikiliza hivyo dakika 10 tu?

Wewe huna mashine ya kupima desibeli, na huihitaji. Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtoto aliyevaa iafoni, umwite kwa sauti ya kawaida. Asipokusikia, sauti imezidi. Ukisikia wewe mwenyewe ule muziki unaovuja kutoka masikioni mwake, imezidi sana. Kipimo kingine ni ule mstari wa sauti kwenye simu: usipite asilimia 60. Simu yenye ngazi 15 za sauti, mwisho wake uwe ngazi ya 9.

Kwa nini basi redio ni nafuu kuliko iafoni, ilhali zote hutoa sauti? Kwanza ni umbali. Sauti hupungua kadiri inavyosafiri, na iafoni haina umbali wowote, imekaa mlangoni mwa sikio. Mtoto mdogo ana njia ya sikio iliyo fupi na nyembamba, kwa hiyo sauti ileile humpiga kwa nguvu zaidi kuliko inavyokupiga wewe. Pili, na hili mimi naliona kubwa zaidi, sauti ya redio wewe mama unaisikia. Ikizidi utajua, na anachosikiliza utakijua pia. Iafoni ni chumba ambacho mtoto amejifungia peke yake. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, mimi sioni sababu yoyote ya kumvisha iafoni, hata kama ni kwa kumtuliza ili ufue nguo.

Kuna jambo la matatu pia. Kijana akipanda gari la namba 58 kwenda Buruburu, au la 35 kwenda Umoja, anakuta spika zinanguruma ndani. Anavaa iafoni na kupandisha sauti ya simu ili ishinde ile ya gari. Hapo sikio linabeba mizigo miwili. Na akishuka Jogoo Road akiwa bado amezivaa, pikipiki haisikii.

Tundu lipi ni lipi?

Sasa geuza woofa au redio yako uangalie nyuma na ubavuni. Usiogope maandishi. Kuna matundu ya kutoa sauti na matundu ya kupokea sauti, kama nyumba yenye mlango wa kutokea na mlango wa kuingilia. Tundu lenye picha ya hedifoni, au lililoandikwa PHONES, ni la kutoa. Ukichomeka pini hapo, kwa kawaida spika ya redio hunyamaza na sauti hupitia kwenye waya. Tundu lililoandikwa AUX au LINE IN ni la kupokea. Tundu la simu ni la kutoa. Kwa hiyo waya wako utoke kwenye simu na kuingia kwenye AUX ya redio. Mama mmoja anaweza kupeleka redio nzima kwa fundi akidhani imeungua, kumbe waya ulichomekwa kwenye tundu lenye picha ya hedifoni. Hayo ni matundu mawili ya kutoa yanayotazamana. Kila mmoja anazungumza na hakuna anayesikiliza. Vivyo hivyo ukichomeka iafoni kwenye AUX utapata kimya, wala hakuna kilichoharibika.

Kuna tundu la tatu, MIC, la maikrofoni. Hilo hupokea sauti dhaifu sana na kuikuza mara nyingi. Ukilipelekea sauti ya simu, itatoka imepasukapasuka. Na kuna tundu la DC, ambalo mara nyingi lina kisindano katikati. Hilo ni la kuingiza stima kutoka kwenye chaja, si la sauti. Pini isipoingia kwa urahisi, usiilazimishe.

Woofa nyingine hazina AUX ya tundu dogo, bali zina matundu mawili, jekundu na jeupe. Usikate tamaa. Nunua waya wenye pini ndogo upande mmoja na vichwa viwili upande wa pili, chekundu na cheupe. Chekundu ni sauti ya kulia, cheupe ni ya kushoto. Nyaya za vichwa vya rangi utazitambua, kwa kuwa wengi wetu tulizizoea kwenye ving'amuzi tulipohamia televisheni ya dijitali mwaka 2015. Kuhusu ile redio ya kaseti ya nyanya, ambayo haina tundu lolote la kupokea, fundi aliyesomea kazi anaweza kuitoboa na kuiwekea. Asiwe kijana wa ploti mwenye bisibisi. Ndani ya redio ya stima mna sehemu zenye volti 240.

Tazama pini yenyewe pia. Ina mikanda myeusi. Mikanda miwili hugawa pini sehemu tatu: ncha hubeba sauti ya kushoto, sehemu ya kati hubeba ya kulia, na shina ni njia ya kurudi inayotumiwa na sauti zote mbili. Mikanda mitatu hugawa sehemu nne, na sehemu ya ziada ni ya maikrofoni ya kupigia simu. Hapa pana kioja ambacho mlezi anapaswa kukijua. Njia ya kurudi isipogusa vizuri, sauti ya kushoto na ya kulia hupigana, na kila kilicho sawa pande zote mbili hufutika. Sauti ya mwimbaji, na sauti ya mwalimu, kwa kawaida huwa sawa pande zote mbili. Kwa hiyo hutoweka, na kinachobaki ni ala na mwangwi kwa mbali. Mtoto akikuambia, "Mama, mwalimu hasikiki, nasikia muziki peke yake," usimwambie anatafuta kisingizio cha kutosoma. Na zaidi ya hayo, asikupandishie sauti hadi mwisho ili amtafute mwalimu, maana hatampata na masikio yataumia. Sukuma pini hadi mwisho. Kava nene ya simu mara nyingi huizuia kuingia kabisa, basi ivue. Bado? Vuta pini nje kidogo tu, kama unene wa kucha. Ikikubali hapo, ujue pini na tundu havilingani na utafute waya wenye mikanda miwili.

Pini hii ndogo ina dada yake mkubwa, wa milimita 6.35, aliyezaliwa karne ya 19 kwa ajili ya meza za kuunganishia simu. Utamwona kanisani kwenye gitaa na vikuza sauti. Mdogo alisambaa kupitia redio ndogo za transista. Sony ilipotoa Walkman ya kwanza mwaka 1979, iliipa matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili wasikilize pamoja. Hata waliobuni kile kifaa cha kusikiliza peke yako walifikiria kwanza kwamba mtu angependa kuwa na mwenzake.

Kuunganisha bila kelele

Anza kwa kupunguza sauti ya woofa hadi chini kabisa. Chomoa simu kwenye chaja. Ingiza pini kwenye simu hadi uisikie ikikaa, kisha ingiza upande wa pili kwenye AUX. Sasa washa woofa, ubonyeze kitufe cha INPUT au MODE mpaka kioo kionyeshe AUX. Cheza sauti kwenye simu na uipandishe hadi kama robo tatu. Usishangae kwamba nimepita ile asilimia 60. Kipimo kile ni cha iafoni zilizo masikioni, na hapa hakuna aliyevaa kitu. Halafu pandisha sauti ya woofa polepole mpaka mtu aliyeketi upande wa pili wa chumba asikie maneno vizuri. Simama hapo.

Mpangilio huo una sababu. Pini ikiingizwa woofa ikiwa imefunguliwa, hutoka mlio mkali wa "krrr" unaomshtua mtoto aliyelala na unaoweza kuumiza spika. Simu ikiwa chini sana, utalazimika kupandisha woofa, na "shhh" yake itapanda nayo. Simu ikiwa juu kabisa, sauti inaweza kupasuka. Nyamazisha pia milio ya ujumbe, la sivyo ujumbe wa M-Pesa utaingia kwa kishindo na ploti nzima itajua umetumiwa pesa. Ukimaliza, shusha woofa kwanza, kisha chomoa kwa kushika kichwa cha pini. Ukivuta waya, nyuzi za ndani hukatika, na hapo ndipo sauti huanza kutoka upande mmoja.

Sauti ikitoka upande mmoja tu, zungusha pini taratibu. Isiporudi, jaribu waya mwingine kabla hujalaumu simu. Tundu la simu likiwa na uchafu wa mfukoni, zima simu na uondoe uchafu kwa kijiti kikavu cha meno, pole pole. Usitumie sindano. Ukisikia mlio wa "mmmm" usiokoma, mara nyingi chanzo ni chaja iliyochomekwa kwenye simu. Iondoe, na mlio ukiisha umempata mwizi. Lakini ukigusa simu au woofa na kuhisi vidole vikiwashwawashwa kama vinavyotembelewa na siafu, hiyo ni stima inayovuja. Zima ukutani. Usiitumie tena mpaka fundi aikague, na watoto uwaambie waziwazi kwa nini.

Simu yako haina tundu? Tangu mwaka 2016, Apple ilipoliondoa kwenye iPhone 7, watengenezaji wengi wamefuata. Kuna kiunganishi kifupi kinachoingia kwenye tundu la chaja, na kuna Bluetooth. Bluetooth ni nzuri, ila katika ploti yenye kuta nyembamba kijana wa jirani anaweza kujiunganisha na woofa yako saa tano usiku. Waya haumkubali mgeni. Na iafoni zisizo na waya zina desibeli zilezile, usidanganyike kwamba ni salama zaidi kwa sikio.

Kama nia ni kusikiliza redio ya FM, tumia FM ya woofa yenyewe ikiwa ipo. Simu zenye redio mara nyingi hutumia waya wa iafoni kama antena, ndiyo maana hukuambia uchomeke iafoni kwanza. Waya wa oksi nao huweza kufanya kazi hiyo. Unyooshe, usiukunje nyuma ya kabati.

Watoto wa ploti nzima

Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilipeleka masomo hewani kupitia redio za KBC. Wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo nyumba nyingi za Eastlands zilikuwa na simu moja na watoto watatu. Aliyepata iafoni alisoma, wengine walitazama, au walikaa wawili wakigawana, kila mmoja na upande wake. Sikio moja likipata sauti ya nusu, mkono huenda kwenye kitufe cha kupandisha. Waya mmoja na redio moja mlangoni vingewahudumia watoto wanane walioketi kwenye mkeka, na mama mmoja angewatazama. Bado ni hivyo hata leo kwa kazi za nyumbani zinazotumwa kwenye simu.

Kugawana iafoni kuna ubaya mwingine. Viini vya sikio moja huhamia sikio la mwenziwe. Mtoto ambaye sikio lake linatoa usaha asivae iafoni za kuingiza ndani hata kidogo, na zile alizokuwa akitumia zisiguswe na mwingine.

Usiweke woofa karibu na kitanda cha mtoto mchanga. Iweke mbali na usiielekeze kwake. Usiku ukiingia, shusha. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zinaweka kiwango cha desibeli 35 usiku katika makao ya watu, nao ni utulivu wa kweli. Jirani wa ukuta wa pili huenda ana mtoto wa wiki mbili.

Yasiyosubiri

Hapa naomba usome pole pole. Mtoto asivae iafoni za waya huku simu ikiwa kwenye chaja. Kazi ya chaja ni kushusha volti 240 za ukutani hadi kama volti 5. Chaja duni ikipasuka kizuizi chake cha ndani, zile 240 zinaweza kufuata waya hadi masikioni. Vifo vya namna hiyo vimeripotiwa katika nchi mbalimbali. Hatari huzidi penye stima ya kuungwaungwa kiholela na ekstensheni iliyobeba mzigo wa nyumba nzima, na sote tunajua ploti hizo. Simu ichajiwe, kisha isikilizwe.

Waya wa oksi usiachwe ukining'inia kutoka kwenye woofa iliyowashwa. Mtoto anayetambaa huweka kila kitu mdomoni, na mate ni maji. Mashine ikiwa nzima hatapata kitu, lakini ikiwa inavuja, ndimi ndogo ndiyo itakayogundua. Waya mrefu huweza pia kumzunguka shingoni. Ukimaliza, ukunje na kuutundika juu.

Halafu kuna rimoti ya woofa. Nyingi ni nyembamba, na ndani mna betri bapa kama sarafu. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, huanza kuchoma nyama, na ndani ya saa mbili tu inaweza kutoboa njia ya chakula. Iliyoisha nguvu pia huchoma. Funga mlango wa betri kwa utepe. Ukishuku amemeza, nenda hospitali saa hiyohiyo bila kungoja dalili, uombe apigwe picha ya eksrei. Usimtapishe, usimpe chakula. Mtoto aliyepita mwaka mmoja, kama anaweza kumeza na kama una asali hapo ulipo, mpe vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, visizidi mara sita. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Na usicheleweshe safari kwa kwenda kuitafuta dukani. Betri hiyo ikiingizwa puani au sikioni ni dharura ileile, na usitie matone yoyote.

Dalili za kutazama

Mtoto mchanga wa miezi mitatu hushtuka kwa kishindo. Wa miezi sita hugeuka akisikia sauti yako. Anayekaribia mwaka huanza vijineno. Asipofanya hivyo, usiambiwe kwamba wa kwetu huchelewa. Kwa mkubwa, tazama anayeuliza "eeh?" kila mara, anayepandisha televisheni wakati wengine wanaona inatosha, anayekutazama mdomo unapozungumza, anayelalamika mlio ndani ya sikio, au ambaye alama zake shuleni zimeshuka na mwalimu anasema hasikilizi.

Sikio linalotoa usaha likaushwe mara tatu kwa siku: sokota kitambaa safi cha pamba kiwe kama utambi, kiingize, kitoe kikilowa, weka kingine mpaka kitoke kikavu. Kisha mpeleke kliniki. Usitie mafuta ya kupikia, maziwa ya mama, wala kijiti cha kiberiti. Manyoya ya kuku tuwaachie kuku.

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, kama vile Jericho, Bahati au Dandora. Watamwangalia, na ikibidi watakuandikia barua ya kwenda kwenye kliniki ya masikio, pua na koo katika hospitali kubwa. Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyo Kasarani, nayo hupima uwezo wa kusikia wa watoto na kushauri juu ya masomo yao. Siku ya kwenda, beba iafoni anazotumia na simu yenyewe. Mwonyeshe daktari ngazi ya sauti anayoizoea mtoto, umwambie husikiliza saa ngapi kwa siku, tangu lini, na ni sikio gani unalolishuku.